Wimbo wa Rangi Nne Uliotoka Mweupe

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Mume wangu husema ninachemka kabla ya birika, na wenzangu kazini wamekwisha nizoea: nikipaza sauti wao wanaendelea kukunja shuka, wakijua baada ya dakika tano nitakuwa nacheka nao. Kugomba kunanijia kama kupumua. Ninachoshindwa ni kusema neno zuri. Likishafika kooni linakwama, nami naishia kuuliza kama mtu amekula.

Ndiyo maana nilitunga wimbo.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Shangazi. Shangazi ni dada wa baba yangu, naye ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, baba na mama walipofuatana ndani ya mwaka mmoja. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minane, ana kazi ya dobi hospitalini na chumba kimoja cha kupanga, na hakumuuliza mtu yeyote atasaidiwaje. Alinisomesha. Alinipigania kwa walimu, akanigombeza mwenyewe tukifika nyumbani. Nilipomaliza shule akanitafutia kazi kwenye dobi ile ile. Miaka ikaenda, wakubwa wakanifanya msimamizi, na kwenye makaratasi nikawa bosi wake. Alicheka wiki nzima. "Haya, bosi," alikuwa akiniambia mbele ya watu, "hebu geuka, kola yako imekaa upande."

Sasa alikuwa anastaafu. Ijumaa saa nne asubuhi tungemuaga kwenye ukumbi wa hospitali, na mchana ule ule mwanawe angekuja na gari kumchukua akaishi naye, mbali, safari ya siku mbili. Na mimi, katika miaka thelathini na miwili, sikuwahi kumwambia asante. Nilikuwa nayo, tena nyingi, ila haikutoka. Nilijijua: Ijumaa ikipita, basi tena. Kwenye simu nitaanza kuuliza habari za hali ya hewa, na barua nitaichana. Nikaona peke yangu siwezi, lakini tukiimba watu ishirini na wanne, asante yangu itapita katikati yao bila mtu kuitambua, na masikioni mwake itafika.

Kwaya tulikuwa nayo tayari, kwaya ya dobi. Ili uielewe inabidi uijue dobi yenyewe. Tuko chini kabisa, chini ya jiko la hospitali, mahali ambapo joto la mashine za kukaushia halipoi hata siku ya mvua. Kuna meza tano ndefu. Kila shuka, kila foronya, kila gauni la mgonjwa lina uzi wa rangi ulioshonwa kwenye pindo. Uzi mwekundu ni wa chumba cha upasuaji, kijani ni wodi ya watoto, bluu ni wodi za wakubwa, njano ni wodi ya wazazi. Kila rangi na meza yake. Nguo ambayo uzi wake umekatika, isiyo na alama yoyote, huenda meza ya tano, na meza ya tano ni ya Shangazi. Yeye huishika, huipapasa pindo, huinusa kidogo, halafu anasema, "Hii ya watoto," na haijawahi kutokea akakosea. Sisi hatufikirii tena. Mkono unaona rangi, mkono unarusha.

Kwa hiyo nilipotaka kugawa sauti za wimbo sikusumbuka na nota, maana hakuna anayezijua, hata mimi. Niligawa kwa meza. Meza nyekundu sauti ya kwanza, kijani ya pili, bluu ya tatu, njano ya nne. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, karani wa masjala ya hospitali hiyo hiyo na mtu anayejiona mtaalamu wa kompyuta kwa sababu anajua kuizima na kuiwasha, akatutengenezea ukurasa kwenye mtandao. Maneno yote yalikuwa pale, na kila mstari umepakwa rangi kwa nyuma, kama mtu aliyepitisha kalamu ya kuwekea alama. Mstari mwekundu, meza nyekundu inaimba. Mstari wenye vipande vya rangi zote nne, wote tunaimba. Ubeti wa mwisho, ule wenye asante, niliupaka rangi zote nne. Nilikuwa na sababu zangu.

Tulifanya mazoezi wiki tatu, saa ya chakula cha mchana, kwenye stoo ya magodoro, tukisoma kwenye simu tatu nne zenye skrini kubwa. Shangazi hakuwa na habari. Angalau ndivyo nilivyoamini.

Shida ilikuwa ukumbi. Mganga Mkuu amepiga marufuku simu kwenye sherehe yoyote tangu siku ile, wakati wa dakika moja ya kimya, simu ya mtu ilipolia kwa muziki wa kucheza na nusu ya ukumbi wakatikisa mabega kabla hawajakumbuka wako wapi. Kwa hiyo tulihitaji karatasi. Shemeji akasema, "Shemeji, hilo dogo. Naugeuza ukurasa kuwa pdf, naprinti, kesho asubuhi mnazo."

Kesho yake, Jumatano, niliitwa juu kwenye kikao cha wodi. Niliporudi nilimkuta Kiberiti wa meza ya bluu anakunja shuka huku anapiga mluzi. Tunamwita Kiberiti kwa sababu ni mwembamba, ana kichwa cha duara, na akiguswa kidogo tu anawaka.

"Karatasi zimeletwa?" nikamnong'oneza.

"Zimeletwa, bosi. Kwenye toroli, pamoja na mashuka ya juu."

"Ziko wapi?"

Aliacha kupiga mluzi. Nikaona macho yake yanakwenda polepole upande wa meza ya tano, na rangi ya uso inamtoka.

"Bosi," alisema, "hazikuwa na rangi."

"Unamaanisha nini hazikuwa na rangi?"

"Nyeupe tupu. Maandishi tu. Nilizishika, nikaangalia, sikuona rangi... Mkono ukarusha wenyewe."

Sijui kama nilipiga kelele au nilidhani tu nimepiga. Watu kumi na tano wanaweza kukuta karatasi ishirini na nne nyeupe na wakaziweka mahali kumi na tano tofauti. Ni dobi peke yake, katika dunia nzima, atakayezipeleka kwenye meza ya mtu yule yule anayetakiwa kufichwa.

Nilikwenda meza ya tano. Shangazi alikuwa amevaa miwani, na miwani yake huivaa kwa ajili ya kusoma tu. Chini ya rundo la foronya nikaona ncha ya karatasi.

"Shangazi, habari za kazi?"

"Nzuri, bosi."

"Kuna... hakuna kitu kimeletwa hapa kwa makosa?"

"Kwa makosa? Hapana." Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni. "Kuna karatasi zimeletwa hazina alama. Zisizo na alama ni za nani humu ndani?"

"Zako, Shangazi."

"Basi," alisema. "Zikishapangwa nitazirudisha. Umekula?"

Nikitaka kuzichukua kwa nguvu, nimekiri. Nikiziacha, atasoma mpaka nukta ya mwisho, kama hajasoma tayari. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi madobi tunalijua hilo kuliko wengine. Niligeuka nikapanda ngazi kwenda masjala, na hasira zangu zote nikawa nampelekea mtu mmoja.

"Shemeji!" nilianza tangu mlangoni. "Umeniua!"

Shemeji alikuwa amekaa katikati ya mafaili, anakunywa chai. "Karibu, shemeji. Kwanza keti, maana ukisimama hivyo unatisha wagonjwa."

Nilimweleza. Alisikitika kwa nusu dakika, halafu akaanza kutetea heshima yake. Alisema ni printa. Printa ile ni kikongwe, alisema, wino wake wa rangi umekauka, hata mwezi uliopita ilimtoa Mganga Mkuu akiwa na uso wa kijivu. Akatoa katriji mpya ya wino kabatini, akaibandua kibandiko, akaiingiza, akaprinti tena. Karatasi ikatoka polepole, ikiwa moto, nyeupe kama shuka la upasuaji.

"Hebu nifungulie hiyo pdf yenyewe kwenye skrini," nikasema.

Akaifungua. Nyeupe. Ukurasa wa mtandao upande huu uling'aa rangi zake nne, na pdf upande ule haikuwa na hata tone.

"Sasa printa imekosa nini?" nikamuuliza. "Doa liko kwenye nguo, wewe unagombana na kamba ya kuanikia."

Akaufyata. Tukaanza upya, na kwa haki ya Mungu nimpe sifa yake, hakukata tamaa. Aliufungua ukurasa, akabofya kuprinti, akachagua kuhifadhi kama pdf. Mahali palipoandikwa rangi, alihakikisha pameandikwa rangi kweli, wala si nyeusi na nyeupe. Nyeupe. Akabadilisha kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, akatumia nyingine ya rangi ya machungwa. Nyeupe. Akapiga picha ya skrini. Hiyo ilikuja na rangi zote, lakini ubeti wa tatu ulikatwa kichwani na maandishi yalikuwa na ukungu hata ukiyasoma unahisi macho yanataka kupimwa. Akazima kompyuta, akaiwasha. Alipoiwasha alinitazama kwa matumaini ya mtu aliyefanya kazi kubwa.

Nyeupe.

Alasiri ile nilirudi chini nikiwa nimeshika tama. Shangazi alikuwa anaimba kwa pua, chini chini, anapapasa pindo. Sikuutambua wimbo. Sikutaka kuutambua.

Alhamisi asubuhi nilipanda tena. Shemeji alikuwa na macho mekundu. Alisema alikuwa akisoma jinsi wenzake duniani wanavyoteseka na jambo hilo hilo, na kwamba wako wengi. Ilinifariji kidogo kujua ujinga si wetu peke yetu. Aliufungua ule ukurasa wa kuprinti, nami nikasogeza kiti nikaangalia na mimi, kwa macho ya kwangu.

Nina mashine nane za kufulia. Nimejifunza jambo moja: kilichoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya mashine ni cha wageni. Kinachoharibu nguo kiko nyuma ya kifuniko kidogo, pale ambapo hakuna anayechungulia. Na pale kwenye skrini, chini ya idadi ya nakala, niliona maneno madogo: mipangilio zaidi.

"Bofya hapo."

"Hapo hakuna kitu, shemeji, ni mambo ya ukubwa wa karatasi na..."

"Bofya."

Akabofya. Kikafunguka kifuniko, na ndani yake, mwisho kabisa, kulikuwa na kisanduku kitupu, na mbele yake imeandikwa: picha za mandharinyuma.

Tuliangaliana. Shemeji akajipiga paji la uso. Akanieleza haraka haraka, kama mwanafunzi aliyekumbuka jibu kengele ikilia: rangi zetu hazikuwa kwenye herufi, zilikuwa nyuma ya herufi. Na kivinjari, kikiambiwa kiprinti, hujifanya mchumi. Kinaona rangi ya nyuma ni pambo la kumaliza wino, kinaitoa bila kuuliza. Ukiitaka, lazima ukitie alama kile kisanduku.

"Kwa hiyo kimetufulia wimbo," nikasema.

"Kimeufua na dawa ya kung'arishia."

Akatia alama. Na juu kabisa ya ukurasa, pale penye kichwa cha wimbo, pakajaa wekundu mzuri, mzito, mpaka nikapiga makofi. Halafu nikaangalia chini. Beti zote zilikuwa bado nyeupe.

Hapo nilichemka kweli. Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Mzee mmoja aliyekuja kufuata cheti alirudi nje akasubiri kibarazani. Shemeji alikuwa ameganda, anatazama skrini, na masikio yake yalianza kuwa mekundu taratibu, kuanzia chini.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo. "Ukinisikiliza bila kunipiga, nitakwambia kitu."

"Sema."

"Huu ukurasa sikuuanzia sifuri. Niliuchukua ule wa fomu zetu za masjala, nikafuta maneno ya fomu, nikaweka ya wimbo. Sasa, fomu zetu... miaka miwili iliyopita watu walikuwa wanamaliza wino kwa kuprinti fomu zenye rangi. Kuna mtu akaandika amri humo ndani: ukurasa huu ukienda kuprintiwa, mistari yote iwe nyeupe."

"Nani huyo aliyeandika?"

Alikunywa chai yake, ambayo ilikuwa imeshaisha.

"Nani, shemeji?"

"Walinipa barua ya pongezi," alisema.

Nilicheka. Sikutaka, lakini kicheko kilitoka tumboni kikanishinda, nikalala juu ya mafaili ya watu. Nyani haoni kundule! Siku mbili mtu analaumu printa, wino na kivinjari, kumbe amri ni yake mwenyewe, tena ilimpatia pongezi. Naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa raha, mpaka yule mzee wa cheti akachungulia kuona kama ugomvi umekwisha au umekuwa mbaya zaidi.

Akaifuta amri. Mstari mmoja tu, mfupi kuliko jina langu. Akahifadhi, akabofya, akatia alama kile kisanduku. Na pdf ikafunguka ikiwa na nyekundu, kijani, bluu na njano, beti kwa beti, imenyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Tuliprinti nakala ishirini na nne. Nilizikumbatia zikiwa bado na joto, nikashuka ngazi mbili mbili, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane.

Mchana ule tulifanya zoezi la mwisho kwenye stoo. Lilikwenda vizuri, ukiacha Kiberiti, ambaye kwenye sauti ya tatu hukoroma kama mtu anayesukuma kabati. Hilo tulishalizoea. Meza yake ni ya bluu, angefanya nini.

Ijumaa nilifika kazini saa moja kasoro. Shangazi alikuwa amenitangulia. Alivaa gauni jipya la rangi ya zambarau, aproni juu yake, na alikuwa anazunguka meza moja hadi nyingine anaweka karatasi. Mbele ya kila mtu, karatasi moja.

"Nimemaliza kuzipanga," alisema.

Nilichukua moja. Ilikuwa ni ile karatasi nyeupe ya Jumatano, lakini haikuwa nyeupe tena. Alikuwa ameipaka rangi kwa mkono, mstari mmoja mmoja, kwa kalamu za wino wetu wa kuwekea alama nguo, ule usiotoka hata ukichemshwa. Na kwenye kona ameandika jina la mwenye karatasi. Hazikufanana. Kila mtu alipakiwa mistari yake tu, na pasipo pake palibaki peupe.

"Mbona mimi nimewekwa kijani?" Kiberiti aliuliza. "Mimi ni meza ya bluu."

"Wewe umesimama meza ya bluu," Shangazi alisema. "Sauti yako haikusimama hapo. Miaka tisa nakusikia ukipiga mluzi na kuimba juu ya kelele za mashine, sauti nyembamba, nzuri, halafu hawa wamekupeleka kwenye sauti nzito kwa sababu ya pindo la shuka! Na wewe," akamgeukia mama mmoja wa meza nyekundu, "unajikamua koo bure. Shuka chini, kwenye njano, huko ndiko kwenu." Alihamisha watu wanne. Wote wanne walikuwa ni wale ambao kila zoezi nilikuwa nikiwagombeza.

"Shangazi," nikasema, "kwa hiyo unajua."

"Najua nini? Wiki tatu watu ishirini na wanne wananiachia meza zote tano saa ya chakula, wanarudi na vumbi la magodoro kichwani. Ulidhani nadhani mnalala? Na ukuta wa stoo ile hauzuii sauti."

Dobi nzima ikaangua kicheko. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tulikuwa tumemficha kata. Tulijaribu wimbo pale pale, kwa karatasi zake, mashine zikiwa zimezimwa. Mama wa njano alitua chini kama mtu aliyepata kiti. Kiberiti alipofungua mdomo kwenye kijani, watu waligeuka kumtazama kama aliyevua koti tukamkuta amevaa suti.

Ndipo nikaangalia karatasi yangu. Beti zote nyeupe, maana mimi huwa siimbi, naongoza kwa mkono. Isipokuwa ubeti wa mwisho. Huo alikuwa ameupaka rangi zote nne, na pembeni kwa wino wa dobi ameandika: *Peke yako.*

Nikawavuta wenzangu kando, nikanong'ona, "Sikilizeni. Ule wa mwisho tunaimba wote, kama tulivyozoea."

Kiberiti akainua karatasi yake akaitazama. "Bosi, yangu pale haina rangi."

"Yangu pia," akasema mama wa njano.

"Na yangu."

Wote ishirini na watatu, mmoja mmoja, wakanionyesha peupe pao. Niligomba. Waliendelea kukunja shuka.

Saa nne ukumbi ulijaa. Wauguzi, wapishi, madereva, Shemeji kwenye safu ya mbele akiwa amevaa tai. Mganga Mkuu alisema yake, akampa Shangazi saa ya ukutani. Shangazi akaketishwa kwenye kiti chenye maua, miguu yake haigusi sakafu sawasawa, akakunja mikono mapajani. Mkononi nilikuwa na karatasi mbili, ya Shemeji na ya Shangazi, moja juu ya nyingine. Kwenye ya Shemeji ubeti wa mwisho ulikuwa wa watu wote. Nilikuwa bado naweza kunyanyua mkono nikawaita wote, na walinijua, wangeimba.

Tukaanza.

*Mikono iliyofua,*
*shuka na foronya pia,*
*ndiyo iliyonilea,*
*machozi kunifutia.*

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Sauti nne zilikaa kila moja mahali pake, na ile nyembamba ya Kiberiti ikapita juu yao mpaka wapishi wakaacha kunong'ona. Ubeti wa pili, wa tatu, wa nne. Halafu zikanyamaza zote, na watu ishirini na watatu wakanitazama mimi. Mkono wangu ulikuwa hewani. Nikaushusha. Karatasi ya Shemeji nikaiweka chini, kwenye kiti.

*Shangazi nakushukuru,*
*sikuwahi kukwambia...*

Sauti ilitetemeka, ikapasuka, nikadhani imeishia hapo. Nilimwangalia yeye. Hakutabasamu, hakulia. Alinitazama vile anavyotazama shuka lililomfikia mkononi, bila haraka yoyote, na nikajua hata nikikaa kimya saa nzima atakuwa bado ananisikiliza.

*ulimi wangu mzito,*
*leo nimeufungua.*

Ilitoka. Si kwa uzuri, lakini ilitoka yote, na nilikuwa nampenda sana dakika ile.

Mganga Mkuu aliinua mikono apige makofi, na Shangazi, bila kumgeukia, akainua kidole kumzuia.

"Rudia," aliniambia.

"Shangazi?"

"Rudia huo ubeti. Miaka thelathini na miwili nimeungoja, nisikie mara moja tu?"

Watu wakacheka, mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, nikarudia. Mara ya tatu alisimama akaimba nami. Nje gari la mwanawe lilikuwa limefika, likapiga honi mara mbili, na hakuna aliyekwenda kulifungulia geti.